Machi ya Mombasa: niezue paa sasa, au nisubiri mvua za mwaka zipite?

Mkazi wa Mtongwe

Salamu kwenu nyote, na wakubwa shikamooni.

Tangu Novemba tunaishi Mtongwe, upande wa Likoni, katika nyumba aliyotuachia mama mkwe. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na hazina tatizo, lakini paa la makuti limechakaa kiasi kwamba nikilala chali usiku ninaona nyota. Nimekulia Nakuru, ambako mwezi wa Machi hauna utata: watu wanatifua mashamba, wanaweka mbegu tayari, na mvua ikichelewa kila mtu anajua kwamba imechelewa. Hapa mwezi huu umenishinda kuusoma. Upepo uliokuwa ukivuma mchana kutwa tangu Desemba umekatika, bahari asubuhi imelala kimya, usiku fukuto halipungui hata madirisha yakiwa wazi, na kila jirani ninayemsalimu ananiambia kwamba mvua za mwaka zi karibu, ilhali tone la maana sijaliona. Simu yangu nayo inaniandikia kila asubuhi kwamba uwezekano wa mvua ni asilimia arobaini, kisha jua linawaka mpaka linatua.

Fundi mmoja amenipa bei ya kuezua paa lote na kuezeka upya, kazi ambayo anasema itachukua wiki mbili. Wifi yangu anashikilia kwamba kuezua nyumba mwezi wa Machi ni kujitafutia balaa, na kwamba ningoje hadi Agosti. Mume wangu, ambaye yuko safarini na meli, anasema tukingoja Agosti basi mvua zote zitatukuta chini ya paa hili hili. Naomba wenye kuujua mwezi huu wanieleze kama ni wa kiangazi au wa mvua, joto hili linatoka wapi, na ni dalili zipi ambazo mtu anaweza kuziangalia mwenyewe, mbali na simu, akajua kwamba siku zilizobaki ni chache.

Nahodha Mstaafu

Marahaba, mwanangu, na karibu pwani.

Mwezi wa Machi si wa kiangazi wala si wa mvua. Ni mwezi wa pepo kupokezana zamu, na ndiyo maana mtu aliyezoea kuuliza kama mvua imeanza huuona hauna kichwa wala miguu. Sisi tuliofanya kazi za baharini tulikuwa tukiuliza jambo jingine, yaani upepo umekaa wapi leo. Upepo wa kaskazi uliokupokea ulipohamia hutoka upande wa Bara Arabu na India, hushuka ukifuata pwani ya Somalia, na katika Januari na Februari huwa umeshika barabara, nguo unazoanika asubuhi ukiziondoa kabla ya adhuhuri zimekauka. Ukiingia Machi huanza kulegea. Siku mbili tatu unavuma, kisha haupo. Halafu huzungukia mashariki ukawa matlai, nao matlai si upepo wa kutegemewa. Mwishowe hufika siku ambazo hakuna upepo wa msimu kabisa, ila umande, yaani upepo mwembamba utokao bara alfajiri, na upepo wa baharini unaoinuka saa nne au saa tano ukalala tena magharibi. Hicho ndicho kipindi cha tangambili, na hapo ndipo ulipo wewe sasa. Upepo wa kusi hufuata, kwa kawaida ndani ya Aprili, na mvua za mwaka, ambazo wenzetu wa bara huziita masika, huja pamoja nao.

Mpango huu wa pepo ndio uliowalisha watu wa mji huu kwa karne nyingi. Majahazi ya Uarabuni na ya India yalikuwa yakiingia Bandari ya Kale kwa kaskazi, yakashusha tende, chumvi, samaki mkavu na mazulia, yakapakia boriti za mikoko, kisha yakangoja upepo ugeuke. Na nahodha mwenye akili hakukawia baada ya kusi kuanza, kwa sababu ifikapo Juni na Julai bahari ya huko juu kaskazini huwa haiendeki. Vasco da Gama, nahodha wa Kireno, alifika mbele ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, akaondoka Malindi tarehe 24 mwezi huo akiwa na rubani anayeijua njia, na tarehe 20 Mei alikuwa ameshafika Calicut, huko India. Aliporudi hakungoja kaskazi ishike, akahangaika baharini takriban miezi mitatu, mabaharia wengi wakamfia, mpaka akaiona tena pwani yetu Januari 1499. Bahari ile ile, meli zile zile. Tofauti ilikuwa upepo tu.

Sasa dalili. Wewe uko Mtongwe, ng'ambo tu ya bandari ya Kilindini, kwa hiyo una chombo cha kupimia ambacho watu wa Kisauni hawana: bendera za meli zilizofunga gatini. Maadamu kitambaa kinaelekea kusini-magharibi, kaskazi haijaondoka. Kikining'inia hadi saa nne ya asubuhi, mko katika tangambili. Siku utakayoamka ukakuta kinaelekea kaskazini-magharibi tangu alfajiri, na kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa hivyo hivyo, kusi imeingia na hupaswi kuwa na kipaa, yaani upande mmoja wa paa, kilicho wazi.

Dalili ya pili ni ya masikio. Kabla kusi yenyewe haijafika, mawimbi yake hutangulia, maana wimbi refu husafiri mbali kuliko upepo uliolizaa. Usiku wa shwari ukisikia mwamba wa upande wa ufuo wa Shelly unanguruma ilhali jani halitikisiki, huko kusini upepo umekwisha kuamka. Dalili ya tatu ni wingu. Mawingu ya kaskazi ni madogo, meupe, yametawanyika, na hupita bila kusimama. Lakini alfajiri ukitazama baharini ukaona ukuta umesimama upande wa kusini-mashariki, chini mweusi na juu umepasuka pasuka, anua nguo zako. Mvua yetu ya pwani hupenda kuja alfajiri kutoka baharini, si alasiri kutoka milimani kama mliyoizoea.

Wazee walikuwa na hesabu yao ya miongo, kila mwongo siku kumi, tangu Nairuzi, yaani mwaka mpya wa Waswahili, na kwa hesabu hiyo walijua takriban lini pa kutarajia nini. Hata wao, hata hivyo, walitoka nje kutazama upepo kabla ya kutweka tanga.

Msoma Vipimo

Ninafundisha jiografia katika shule moja ya hapa kisiwani, nami ningependa kulijibu swali la joto, kwa sababu watu wengi hulijibu nusu.

Mombasa iko takriban nyuzi nne kusini mwa Ikweta. Jua, likipanda kutoka Tropiki ya Kaprikoni, hupita wima juu ya vichwa vyetu karibu na tarehe 10 Machi, kabla halijafika Ikweta tarehe 20 au 21. Simamisha fimbo iliyonyooka uani katika siku hizo, karibu na saa sita na nusu mchana, utakuta kivuli kinajikunja hadi kwenye shina la fimbo na kutoweka kwa muda mfupi. Wanafunzi wangu hulipenda zoezi hilo kuliko somo lote la mihimili ya dunia, ingawa hakuna anayependa kusimama uani saa hiyo.

Hapo ndipo wengi huishia: jua liko utosini, kwa hiyo kuna joto. Lakini jua hupita utosini mara ya pili mwanzoni mwa Oktoba, kwa wima ule ule, na Oktoba hakuna anayelala na shuka iliyoloweshwa maji. Tofauti iko baharini. Kusi inayovuma kuanzia Aprili huikoroga bahari na kuipoza, na mawingu hupunguza jua, hata ifikapo Agosti na Septemba maji ya juu huwa na nyuzi 25 au 26 hivi za Selsiasi. Oktoba tunalipokea jua la utosi tukiwa bado tumezungukwa na maji yaliyopoa. Machi ni kinyume: maji yamepigwa jua kwa miezi kadhaa mbingu ikiwa nyeupe, yamefika nyuzi 29 na wakati mwingine zaidi, na hewa yoyote inayotufikia imepita juu yake. Ndiyo maana usiku haukupi nafuu. Nchi kavu hupoa upesi jua likitua, bahari haipoi, na mji uliozungukwa na maji pande zote hubaki na joto la maji hayo hadi alfajiri. Kipimajoto huonyesha wastani wa nyuzi 32 au 33 mchana na 24 au zaidi kidogo usiku, namba ambazo mtu wa Garissa angezicheka. Lakini hewa ya Garissa ni kavu na jasho hukauka mwilini, ilhali yetu imejaa mvuke na jasho halina pa kwenda. Ongeza kwamba upepo uliokuwa ukikupepea umekatika, utapata fukuto uliloandika.

Kuhusu mvua, kuna ukanda ambamo pepo za kaskazini na za kusini hukutana, hewa ikapanda na mawingu yakajengeka. Ukanda huo hulifuata jua, lakini hubaki nyuma yake kwa wiki kadhaa, kwa hiyo jua linapotupita Machi mvua bado iko njiani. Kwa wastani wa miaka mingi mji huu hupata karibu milimita 60 tu mwezi wa Machi, na sehemu kubwa yake huelekea mwisho wa mwezi. Aprili hupata mara mbili au tatu ya kiasi hicho, na Mei, ambao ndio mwezi wetu wa mvua nyingi kuliko yote, huzidi milimita 200. Hapa ndipo mtu wa Nakuru anapoweza kupotea, kwa sababu kwenu kilele cha masika ni Aprili, na mtu huzoea kuona Mei mvua ikipungua. Kwetu Mei ndiyo kwanza inapamba moto.

Ile asilimia arobaini ya simu usiidharau wala usiitegemee. Ni hesabu ya kompyuta iliyofanywa kwa miraba mikubwa ya kilomita nyingi, ambayo mmoja wake unaweza kuwa umeimeza Mtongwe, kisiwa, na kipande cha bahari kwa pamoja. Mvua ya kipindi hiki ni ya wingu moja moja: Changamwe mitaro ikafurika, Likoni vumbi likapeperuka. Fuata utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ambayo hutoa taarifa ya msimu wa Machi, Aprili na Mei kabla haujaanza, kisha ikatoa nyongeza za wiki, na kila kaunti ina taarifa yake. Kwa ukanda wa pwani, mwanzo wa mvua unaotajwa huwa kwa kawaida kati ya mwisho wa Machi na wiki za mwanzo za Aprili.

Kijana wa Kisauni

Kwa heshima ya waliotangulia, nadhani hesabu hizi za wastani ni za zamani. Tabianchi imebadilika na masika ya siku hizi huja yamechelewa; mwaka 2019 tulikaa hadi Aprili imekaribia kwisha bila mvua ya kutosha. Dada aezue paa lake kwa raha zake, muda anao.

Msoma Vipimo

Ndugu yangu, mfano wa 2019 ni wa kweli, lakini sababu yake inajulikana na haijirudii kila mwaka. Kimbunga Idai kilipiga Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi mwaka huo, na kwa muda mrefu unyevu ambao ungepaswa kutufikia ukavutwa kuelekea kusini. Rudi nyuma mwaka mmoja tu. Machi ya 2018 kulikuwa na vimbunga Dumazile na Eliakim upande wa Madagaska, na safari hiyo mambo yakaenda kinyume kabisa: upepo wa magharibi ukaingiza unyevu kutoka bonde la Kongo, na Kenya ikapata mojawapo ya miezi ya Machi yenye mvua nyingi sana. Vimbunga katika bahari moja, mwezi mmoja, matokeo mawili yanayopingana, kwa sababu ya mahali vilipokaa. Baadaye tukapata masika haba ya 2022 na kisha mafuriko ya Aprili na Mei 2024.

Sikatai kwamba bahari inazidi kupata joto, na nadhani jambo hilo litatugusa sote; ninachokataa ni kumwambia mtu aezue paa zima kwa kutegemea kwamba mvua itachelewa. Masika yanatabirika kwa shida kuliko vuli, yaani mvua za Oktoba hadi Desemba. Vuli hufungamana na El Niño, yaani kupanda kwa joto la Bahari ya Pasifiki, na hali ya joto la Bahari ya Hindi, mambo ambayo wataalamu huyaona mapema kwa miezi. Mwanzo wa masika hutegemea zaidi mambo yanayojitokeza wiki chache tu kabla.

Mmvita wa Durban

Ninafuatilia mjadala huu kutoka Durban, ninakofanya kazi, nami nina nyongeza ndogo kwa dada wa Nakuru. Huku tuko nyuzi 30 kusini, na mwanzo wa majira ya kuchipua ni Septemba, mwezi ambao mtu anaweza kuusoma kwa kipimajoto: baridi ya Julai imeondoka, mchana unafika nyuzi 23 hivi, usiku bado unataka blanketi, na mara kwa mara unashuka upepo mkavu wa moto kutoka milima ya bara, joto likapanda ghafla kwa siku moja, kisha upepo wa kusini-magharibi ukaja na wingu na manyunyu ukalifuta. Joto na baridi ndivyo vinavyobadilika, na watu hubadili nguo.

Mombasa huwezi kutumia njia hiyo. Kati ya mwezi wenye joto jingi na ule wenye baridi kuna tofauti ya nyuzi tano hivi tu za mchana, kwa hiyo kipimajoto hakitakuambia kwamba msimu umegeuka. Mzee nahodha amekuambia utazame bendera, nami ningekushauri umfuate yeye kuliko simu.

Fundi Makuti

Dada yangu, mimi kazi yangu ni kuezeka, hapa Likoni na hata Kwale, na ninaomba nikujibu kama fundi.

Kuezua paa zima kwa wakati mmoja si jambo la kufanya mwezi wowote, na huyo aliyekupa bei hiyo amejirahisishia yeye kazi, hakukurahisishia wewe. Nyumba huezuliwa kipaa kimoja, kikaezekwa kikaisha, ndipo ukafungua kingine. Kwa mwezi huu anza na kipaa kinachotazama kusini na mashariki, maana huko ndiko mvua za mwaka zitakakopiga kwa kishindo, na hicho ndicho kwa kawaida huoza kwanza. Kipaa cha upande wa pili, kama hakivuji sana, kinaweza kuwekewa viraka kikangoja hadi Agosti kama anavyosema wifi yako. Agosti ni wakati mzuri. Mvua zinazobaki ni za kupita tu, na jua si kali kwa fundi aliye juu.

Ninatofautiana na wale wanaouona mwezi wa Machi kuwa mbaya kwa kazi hii. Tangambili ina faida ambayo mtu asiyepanda juu ya paa haijui: hakuna upepo. Januari, kaskazi ikiwa imeshika, kuti unalolipandisha hupokonywa mkononi kabla hujalifunga, na makuti makavu ya wakati ule ni hatari kubwa ya moto, cheche moja ya jiko la jirani inaruka na upepo na nyumba tatu zinateketea. Machi kuti linatulia mahali unapoliweka. Kinachotakiwa ni kuanza asubuhi na mapema, kushuka saa tano kabla jua halijawa kali, na kurudi juu alasiri.

Mambo ya kuangalia kabla hujamlipa mtu ni haya. Makuti yote yawe yameshafika uani kabla kuti moja la zamani halijashuka, kwa sababu mwisho wa Machi kila mwenye paa bovu hukumbuka kwa pamoja, na bei hupanda au makuti yenyewe hayapatikani. Yawe yamesukwa na kukauka vizuri. Kuti bichi likikauka juu ya paa hujikunja na kuacha nafasi, na likifungwa likiwa na unyevu huota ukungu. Paa likishakuwa wazi, panda mwenyewe au umtume mtu unayemwamini agonge makombamoyo, yaani miti mirefu ya paa, moja moja, kwani mti ulioliwa na bungua, mdudu atoboaye miti, hutoa sauti ya utupu, na hakuna maana ya kuweka makuti mapya juu ya miti iliyokufa. Kisha simamia nafasi. Makuti huanzia chini ukingoni yakapanda safu juu ya safu hadi kileleni, na fundi anayetaka kubana gharama huzitanua safu. Ukiwa ndani mchana, ukiona mwanga unapenya kama katika chujio la tui, mwambie afungue arudie hapo hapo, kabla hajafika juu. Paa lililosimama wima kidogo humwaga maji haraka na hudumu. Lililolala hunywa maji na kuoza.

Turubai liwepo nyumbani, limekunjwa na kamba zake, tangu siku ya kwanza, hata kama mbingu ni nyeupe. Na jikoni kwako, kama unapika kwa kuni, usishangae kuona makuti ya pale yamebaki mazima kuliko ya chumbani; moshi hufukuza wadudu, hayo uyaache.

Mkazi wa Mtongwe

Nawashukuru nyote, na hasa Mzee Nahodha, kwa sababu jana na leo nimesimama ufuoni nikitazama bendera za meli, na asubuhi zote mbili zilikuwa zimening'inia hadi wauza mandazi walipomaliza kupita. Nimezungumza na fundi, amekubali kuanza na kipaa cha upande wa baharini peke yake, ingawa alinung'unika kidogo kuhusu bei. Makuti yataletwa kesho kutoka Kwale. Wifi yangu hajaridhika, lakini ameleta turubai.

Nina swali moja limebaki. Ua wetu unaelekea mkondo wa bahari, na katika siku za mwezi mpevu zilizopita maji yalifika karibu sana na ukuta wa nyuma, kuliko wakati wowote tangu tuhamie. Je, hilo nalo ni la mwezi huu, na mvua zikianza maji ya paa yatakwenda wapi ikiwa mtaro wetu unaishia huko huko?

Nahodha Mstaafu

Ni la mwezi huu, ndiyo. Bamvua, yaani maji ya kujaa na kupwa kupita kawaida, huja kila baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, lakini bamvua za Machi na za Septemba ndizo kubwa zaidi katika mwaka, kwa kuwa jua liko karibu na Ikweta na mvuto wake unaungana vizuri na wa mwezi. Katika siku hizo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa kwetu hukaribia mita nne, na ndiyo maana umeona maji yakifika mahali ambapo Desemba hayakufika. Ufuo ulioachwa wazi na maji ya kupwa utauona nao umekuwa mpana kuliko kawaida, na kina mama wa kuokota chaza na pweza hushuka kwa wingi.

Jambo la kukusaidia ni kwamba saa za bamvua hapa hazibadiliki sana: maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Mvua zetu, kama nilivyosema, hupenda alfajiri. Ikiwa mvua kubwa itaangukia alfajiri ya bamvua, mtaro wako utakuwa umezibwa na bahari kwa saa mbili au tatu, na maji ya paa yatarudi uani. Basi mwambie fundi aweke mlizamu, yaani mfereji wa kumwaga maji ya paa, upande wa mbele wa nyumba, si wa nyuma, uelekee kwenye tangi au birika kama mama mkwe alikuwa nalo. Nyumba nyingi za zamani za Mtongwe zilikuwa na birika, pengine limefunikwa tu na magugu. Maji hayo utayahitaji, maana mabomba ya maji ya mji nayo hayakosi kukauka. Mtaro wa nyuma uzibue wiki hii, saa nne ya asubuhi, wakati maji yamekupwa na mtu anaweza kuingia mpaka mdomoni pake akatoa mchanga na mizizi ya mikoko.